SOMO LA FIZIKI: BLANKETI YA NYUMBA



Hapa Moba tunajua joto na baridi pamoja. Kule bandarini, kando ya ziwa (kimo chake mita 770 hivi), saa sita mchana nyumba ya mabati, ndiyo manjanja, inakuwa kama furu ya mikate. Ukipanda Kirungu, na zaidi ukifika milima ya Marungu inayopita mita 2000, usiku wa mwezi wa sita na wa saba meno yanagongana. Kila mita 1000 unazopanda, hewa inapunguza joto digrii 6 hivi.

Basi watu wanafanya nini? Wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Kuna wanaolala hivyo na asubuhi hawaamuki tena. Juu ya ile tumeandika somo hili.

1. Joto linatembea namna gani?

Kwa njia tatu. Kwa kugusana: acha kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya moto, utaona mkono wako. Kwa kuhama: hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka. Kwa miale: jua linakuchoma, na hujaligusa.

Katika inchi yetu jua la mchana linasimama karibu juu ya kichwa. Kwa hiyo paa linapokea mingi kupita kuta. Bati linaweza kupita digrii 60, nalo linatupa miale chini kwa waliokaa ndani. Usiku ni kinyume: mbingu zikiwa wazi, bati linatupa joto lake juu, linakuwa baridi hata kupita hewa yenyewe. Ndiyo maana asubuhi matone ya maji yanaanguka kitandani, na mvua haikunyesha.

2. Hewa iliyotulia

Chuma kinapitisha joto mara 2000 hivi kupita hewa iliyotulia. Angalieni neno hili: iliyotulia. Hewa inayotembea inabeba joto na kwenda nalo. Inapasa kuifunga katika nafasi ndogondogo. Blanketi haiko na moto wake. Inafunga tu hewa katikati ya nyuzi, na joto la mwili wako halikimbii.

Babu zetu waliezeka nyasi nene, na ndani ya nyasi mlikuwa hewa iliyofungwa. Nyumba ile ilikuwa baridi mchana, na usiku ilitunza joto. Tulipoleta mabati tulipata faida: hayashiki moto upesi, hayaombi nyasi mpya kila mara. Lakini kumbe, blanketi tuliitupa! Hatusemi turudi nyuma. Tunasema: mabati yakae, na blanketi irudi chini yake.

3. Jaribio

Chukua mikebe miwili sawasawa ya nyanya. Mmoja uzungushie nyasi kavu pande zote, unene wa vidole vinne, na ufunge kwa kamba. Mwingine uuache wazi. Tia maji ya moto kipimo kimoja, funika yote miwili. Kisha saa moja, tia kidole. Sisi tulipofanya hivyo, maji ya mkebe wa nyasi yalifaa bado kuoga. Ya mwingine yalikuwa yamepoa.

4. Plafo ya matete

Si lazima kununua mbao. Matete yako, udongo uko, na mikono yetu iko wakati wa vakanse.

a) Funga miti imara kutoka ukuta mpaka ukuta, chini ya mabati.
b) Suka matete kama mkeka, uyatandike juu ya miti.
c) Paka udongo chini na juu, uzibe nyufa zote. Udongo unasaidia pia kuzuia moto na panya.
d) Udongo ukikauka vizuri, tandika juu yake nyasi kavu, sentimeta 10. Nyasi mbichi zitaoza.
e) Acha matundu kwenye pande mbili za paa, juu ya plafo, na nyavu ya kuzuia ndege. Hewa ya moto na unyevu vitatoka huko.

Onyo: nyasi zisikaribie dohani wala nyaya za umeme. Jikoni usitie nyasi kabisa. Na kila mwaka upande kutazama kama mchwa hawakuingia.

5. Mbabula ibaki nje

Makala yakiwa mekundu bila moshi, watu wanasema: «Sasa hakuna hatari.» Ni uongo. Yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kupita oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja. Ukiona mtu hivyo, mtoe nje pale pale, kisha mpeleke hospitali. Hata nyumba yenye plafo nzuri, mbabula isilale ndani.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye kujenga nyumba mpya aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke na kufa. Basi nasi, tukijenga, tufikiri juu ya wale watakaolala ndani.

MASWALI

1. Kwa nini nyasi zilizolowana hazifai tena kama blanketi?
2. Kwa nini tunaziba nyufa za plafo, lakini tunaacha matundu juu yake?
3. Familia inachoma kilo 1 ya makala kila jioni kwa kuota moto, siku 60. Kama kilo 1 ya makala inatoka katika kilo 7 za mti, ni kilo ngapi za mti zinaisha?