Jino la Baraka na lawama za mezani

Mama Baraka wa Makumira, pole sana, na mwanao umfikishie pole zangu.

Unasema kijana wako wa miaka 11 aligongana na mwenzake wakicheza mpira, jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Ukalisugua kwa sabuni likatakata, ukalifunga kwenye karatasi ya chooni, na asubuhi yake mkapanda daladala kwenda mjini. Daktari akakwambia umechelewa. Tangu hapo Baba Baraka hakuachi: kila mkikaa mezani ni jino, jino.

Nianze na yeye. Jioni ile alikuwepo nyumbani? Basi mwulize alijua nini ambacho wewe hukukijua. Nadhani atakohoa kidogo, kisha ataomba aongezewe chai.

Wewe ulifanya tulivyolelewa sote: kitu kikianguka chini kinaoshwa. Kumbe uhai wa jino lililong'oka uko kwenye utando mwembamba uliofunika mzizi, wenye seli zinazolishikisha jino kwenye mfupa. Sabuni inaziua, kusugua kunazibandua, na jino likikaa kavu kwa saa 1 hivi, nyingi zimekwisha kufa. Hata kuliloweka kwenye maji ya bomba hakufai, kwani seli hunywa maji hayo hadi zikapasuka.

Na umeniandikia kwamba una ng'ombe bandani! Maziwa, Mama Baraka. Maziwa baridi, yasiyoganda, yangezitunza zile seli kwa saa kadhaa, kwa sababu chumvi zake zinakaribiana na za mwilini. Mtindi hapana, ni mkali mno.

Lililo bora zaidi ni kulirudisha palepale. Lishike upande wa kutafunia, mzizi usiuguse. Likiwa na udongo, lisuuze sekunde chache kwa maji baridi, lichomeke kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa safi, mkimbie kwa daktari wa meno. Hayo ni kwa jino la ukubwani tu. La utoto halirudishwi, maana litaumiza linaloota chini yake.

Wifi yako anasema jino lenyewe lilikuwa la kahawia, halikuwa na thamani. Si kweli. Madoa yale yanatokana na floraidi iliyo kwenye maji ya huku Meru, majirani zenu wa Maji ya Chai wanayajua vizuri. Yako sehemu ya nje ya jino, na hayalizuii kurudishwa.

Sasa mrudishe Baraka kwa daktari, mwulizie jino la bandia la kuvaa na kuvua, kwani pengo likiachwa wazi meno ya jirani huanza kuliegemea. Taya lake bado linakua, hivyo jino la kudumu litasubiri awe mtu mzima.

Umeandika kwamba siku hizi akicheka anaziba mdomo. Kaa naye, umweleze kilichotokea na kwamba hakuna aliyemfanyia uzembe. Yale maneno ya mezani anayasikia yote, na huenda anaamini yeye ndiye aliyewagombanisha.