Watoto Watoke, Pesa ya Nyumba Ibaki: Matembezi ya Bei Nafuu Nairobi

Shule zikifungwa, nyumba ya chumba kimoja au viwili huanza kubana. Watoto wamecheza kwenye korido mpaka majirani wamelalamika, katuni zimeisha, na swali ni lile lile: "Leo tunaenda wapi?" Wazazi wengi hujibu "wikendi ijayo" kwa sababu wanaogopa gharama. Na si uoga wa bure. Unatoka nyumbani ukihesabu elfu moja, unarudi jioni umetumia elfu tatu, na kodi inadaiwa Jumatatu.

Leo tujifunze kitu kimoja: mara nyingi kiingilio si ndicho kinachomaliza pesa. Kiingilio unakijua mapema. Kinachokumaliza ni zile hamsini hamsini na mia mia za njiani, ambazo zote zinatoka kwenye salio lile lile lenye pesa ya nyumba. Dawa yake ni kugawa pesa kabla hujafunga mlango.

Chagua mahali kulingana na mfuko

Kama mfuko umekauka, anza na bustani za umma ambazo hazihitaji tiketi. Uhuru Park iko karibu kabisa na katikati ya jiji. Waambie watoto kwamba mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 hapo, na ndiyo maana leo wana nyasi za kukimbilia. City Park, kule Parklands, ina miti mikubwa na kima waliozoea watu. Usiwalishe, na shika mfuko wa chakula vizuri kwa sababu wananyakua. Ndani yake pia kuna kaburi la Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya.

Ukiwa na kidogo cha kiingilio, jaribu Arboretum, karibu na State House. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu aina za miti ambayo ingefaa kwa kuni za gari moshi. Ina ukubwa wa hekta 30 hivi, na miti mingi ina vibao vya majina, kwa hivyo mtoto anayejua kusoma ana kazi ya kufanya. Karura ni kubwa zaidi, hekta zaidi ya 1,000. Ina maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Beba kitambulisho, kwa sababu bei ya Mkenya na ya mgeni si moja.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ni nzuri lakini ndani huwezi kutembea kwa miguu, unahitaji gari. Kama huna, uliza kuhusu Nairobi Safari Walk au makao ya wanyama yatima pale Barabara ya Lang'ata. Huko mnatembea wenyewe na watoto wanaona wanyama kwa karibu.

Bei hubadilika. Thibitisha siku moja kabla, usitegemee alichokuambia rafiki mwaka jana.

Salio si bajeti

Simu inakuonyesha namba moja tu. Ukiona 8,700 unahisi uko sawa. Lakini kama 6,500 ni ya nyumba na 700 ni ya tokeni za stima, ukweli ni kwamba una 1,500. Mtoto akililia juisi saa nane mchana, hutakumbuka hesabu hiyo. Utaangalia 8,700 na useme, "ni hamsini tu."

Kwa hivyo, usiku wa kuamkia matembezi, hamisha pesa ya nyumba na ya stima hadi kwenye akaunti yako ya akiba ya simu. Ikiwa inaweza kufungwa mpaka tarehe fulani, bora zaidi. Kwenye salio la kawaida bakisha pesa ya siku hiyo pekee. Na ile huduma ya kukopeshwa salio linapoisha, iache ya dharura ya kweli. Mkopo wa aiskrimu utaulipa na ada juu yake, na aiskrimu ilishaisha.

Tufanye hesabu

Tuseme ni mama, baba na watoto watatu wa miaka 10, 7 na 3, wanaoelekea Arboretum na shilingi 1,500. Wanagawa hivi:

- Nauli: viti vinne, 60 kila kimoja, kwenda na kurudi: 480. Wa miaka mitatu anapakatwa.
- Kiingilio: 300.
- Chakula cha kupika nyumbani (chapati, mayai, ndizi): 400.
- Pesa ya kuchagua, 50 kwa kila mtoto: 150.
- Ya dharura: 170.

Jumla ni 1,500. Hizi ni namba za mfano, weka za kwenu. Angalia hiyo hamsini ya kila mtoto: mtoto akijua ana hamsini yake, anachagua mwenyewe kati ya popkoni na pipi, na ikiisha imeisha. Hukosani naye, na anajifunza bajeti bila kuhubiriwa.

Nauli ya kurudi usiiguse kabisa. Mvua ikinyesha au jioni ikifika, makanga huongeza bei. Uliza kabla ya kupanda, na ile 170 ikuokoe hapo.

Lipa bila kukatwa ovyo

Ukilipa kwa till, kwa kawaida mteja hakatwi kitu. Ukituma kwa namba ya simu ya muuzaji, ada ya kutuma ni yako. Kwa hivyo uliza kwanza, "Una till?" Na kama utahitaji pesa mkononi, toa mara moja asubuhi. Ukitoa 300 mara tatu, unakatwa mara tatu.

Mbuga za KWS hazipokei pesa taslimu, kwa hivyo fika na chaji na bando. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, paybill 222222, na namba ya akaunti hutoka kwenye bili uliyotengeneza wewe mwenyewe. Mtu akikuambia langoni, "tuma tu kwa namba yangu nikuingize," kataa. Kokote unakolipa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.

Ukipata meseji ya mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa, usirudishe haraka haraka ukiwa unakimbizana na watoto. Angalia salio kwanza. Kama kweli pesa imeingia, mwambie apigie huduma kwa wateja ndio waifuatilie.

Kabla ya kutoka

Jaza maji kwenye chupa za kutumika tena. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na maeneo mengine ya hifadhi tangu Juni 2020, na utaokoa pesa ya maji. Andika namba yako kwenye karatasi na uweke mfukoni mwa kila mtoto. Ukimpa mtoto simu apige picha, hakikisha hajui PIN.

Jioni, watoto wakishalala, fungua taarifa ya malipo yako ya siku na ulinganishe na mgao wenu. Kama palibaki mia, iweke akiba ya matembezi yajayo. Kama nauli ilizidi, ongeza kidogo mara nyingine. Ukifanya hivyo mara mbili tatu utajua siku moja nje inagharimu familia yako ngapi hasa, na "wikendi ijayo" itakuwa na tarehe.