Thamani na Kiwango: Istilahi katika Pingamizi la Kodi ya Ardhi Kwale

Makala haya yanabainisha istilahi mbili ambazo mwenye kiwanja Diani au Msambweni akizichanganya, pingamizi lake huanguka. Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 inaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi. Kodi hiyo hutokana na thamani, anayoikadiria mthamini na kuiandika katika daftari la uthamini, na kiwango kinachoidhinishwa na Bunge la Kaunti. Kwa mfano, kiwanja cha thamani ya shilingi 1,000,000 kikitozwa asilimia 1 kitadaiwa shilingi 10,000.

Anayeandika "kodi ni kubwa mno" hajapinga daftari. Aandike kwamba thamani imezidi, kisha athibitishe: kiwanja ki mbali na ufuo, hakina barabara, au viwanja jirani vimeuzwa kwa bei ya chini.

Chini ya Sura ya 266, iliyofutwa na Sheria ya Kitaifa ya mwaka 2024, muda wa kupinga ulikuwa siku 28. Ilani isiyoeleweka humnyima mzee haki yake kabla hajaidai. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7. Basi wanafunzi wa Kiswahili tuzifafanue istilahi hizi barazani, si darasani tu.