Usiibe: Siku Nilipomwita Dada wa Watu Mwizi



Wapendwa vijana, fungueni Biblia zenu kitabu cha Kutoka 20:15-16. Amri ya Saba na ya Nane zimekaa jirani kabisa, moja inakataza wizi, nyingine inakataza kumshuhudia mwenzako uongo. Mwaka mmoja kabla ya kuanza filosofia nililipwa mshahara kwa ajili ya hiyo ya Saba. Nikaivunja ya Nane nikiwa kazini.

Ilikuwa supamaketi moja ya Dar es Salaam, kitengo cha kuzuia upotevu wa mali. Hatukuvaa sare. Unazunguka na kikapu kama mteja, kumbe unaangalia mikono ya watu. Mwenzako yuko kwenye kamera, mwingine mlangoni anakagua risiti. Siku ya kwanza tulikaririshwa jambo moja: usimsimamishe mtu mpaka umemwona kwa macho yako akichukua kitu kwenye rafu, ukamwona akikificha, hujampoteza machoni hata kidogo, na amepita kaunta bila kulipa. Ukikosa hata moja kati ya hayo, mwache aende zake.

Wezi wapo, tusidanganyane. Nilikamata kaka mtanashati mwenye chupa tatu za manukato ndani ya koti (koti, na joto lile la Dar!). Nilimwona keshia akipitisha vitu vya rafiki yake bila kuvipiga kwenye mashine. Na kuna mama aliyeficha kopo la maziwa ya mtoto. Huyo ndiye mnayeniuliza kila nikisimulia. Someni Katekisimu namba 2408: mwenye uhitaji wa haraka na wa wazi, ambaye hana njia nyingine ya kupata chakula, mavazi au malazi, akitumia mali ya mwingine hahesabiwi mwizi. Mt. Thomas wa Akwino alishafundisha hivyo karne ya 13. Manukato hayamo humo.

Sasa nije kwa yule dada. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jioni, duka limejaa. Dada mmoja, kanga kiunoni, ndala zimeisha kisigino, akachukua mafuta ya kujipaka, akayageuzageuza kusoma bei. Mteja akaniuliza sukari iko wapi, nikageuka kumwonyesha. Niliporudisha macho, mafuta hayapo mkononi, na dada yuko kaunta analipia mkate tu.

Nilikuwa nimempoteza machoni, na nilijua. Lakini nilitazama zile ndala nikamaliza kesi. Miaka mitatu ya filosofia baadaye ningeweza kukuchorea kosa lile ubaoni: kutoka "sijaona alikoyaweka" hadi "ameyaiba" hakuna daraja, nilijiongezea mwenyewe kipande kilichokosekana. Na kipande chenyewe kilikuwa umaskini wake.

"Wewe dada, simama hapo! Toa ulichoiba!"

Nilipaza sauti. Hapa kwetu mnajua neno mwizi linavyofanya kazi; likipigwa kelele barabarani linaweza kuua mtu. Watu wakajaa, mmoja akatoa simu akaanza kurekodi. Dada akakung'uta mfuko wake mbele ya wote. Mkate, risiti, na leso. Akasema kwa sauti ndogo, "Hela haikutosha, kaka. Nimeyarudisha kule kwenye mikate." Tukaenda kuangalia. Yalikuwepo, yamesimama katikati ya mikate.

Nikamwambia samahani. Polepole, karibu na sikio lake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Padre alisikiliza, kisha akaniuliza: "Ulimwita mwizi kwa sauti gani? Na samahani ulisema kwa sauti gani?" Nikakosa jibu.

Hapo ndipo somo la leo lilipo. Sote tunajua kwamba aliyeiba hurudisha. Zakayo katika Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne, na Katekisimu namba 2412 inamtaja. Tunachosahau ni namba 2487: aliyemharibia mwenzake jina naye anadaiwa, hata kama amekwisha kusamehewa. Mt. Thomas anaweka kumchafulia mtu jina juu ya kumwibia mali, maana jina jema ni bora kuliko mali. Mafuta yakirudi kwenye rafu, kesi imekwisha. Jina unalirudisha kwenye rafu gani? Inabidi uwafuate wale waliokusikia.

Nilianza kuwatafuta. Mama anayeuza maandazi nje ya duka alimfahamu, akanielekeza nyumba alikokuwa akifanya kazi za ndani. Mwenye nyumba alinifungulia geti nusu. Ile video alishaiona kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na dada alikuwa amesharudishwa kwao Singida.

Nikamweleza yote. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mbona siku ile ulikuwa na uhakika?"

Nikamwomba namba ya yule dada. Hakunipa, akasema atampigia mwenyewe. Ila alikubali nirekodi ujumbe wa sauti, nikasimama palepale getini nikaeleza kwamba hakuiba kitu, na kwamba mimi ndiye niliyesema uongo. Akautuma kwenye grupu lile lile. Watu wawili waliweka dole gumba.