SOMO: Kuiwezesha Kompyuta Kujipangia Njia na Seva ya Majina Inapounganishwa kwa Simu

Mtumishi aliyemaliza kazi ofisini mjini Karatu huzima kompyuta yake ya mkononi, hupita lango la Lodoare na kufika ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Huko huchomeka modemu, hupiga *99#, na kompyuta humwarifu kuwa imeunganishwa. Hata hivyo barua hazitoki wala kurasa hazifunguki. Somo hili linaeleza sababu ya hali hiyo na namna ya kuiondoa.

1. Mahitaji mawili

Kuunganishwa ni hatua ya kwanza tu. Kompyuta huhitaji pia njia ya msingi, yaani mlango wa kupitishia kila kifurushi kisichopangiwa njia nyingine. Na seva ya majina, ambayo kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba.

Mitandao ya ofisi aghalabu hutumia namba za ndani, mfano 192.168.1.1. Namba hiyo ikiachwa ndani ya kompyuta, huko ukingoni haina maana. Kwa kawaida Linux huisubiri seva isiyojibu kwa sekunde 5 kabla ya kujaribu nyingine, na subira hiyo hurudiwa kila jina linapoulizwa. Zama za simu ya waya, dakika za subira zililipiwa sawa na dakika za kazi.

2. Asili ya utaratibu

Utaratibu wa PPP unaotumika katika miunganisho hiyo uliwekwa katika hati namba 1661 ya mwaka 1994. Hati namba 1332 ya mwaka 1992 ilikwisha kueleza jinsi pande mbili zinavyopatana kuhusu anwani. Na namba 1877 ya Desemba 1995 iliongeza njia ya kuomba anwani za seva za majina. Kwa hiyo mtoa huduma anaweza kutoa maelezo yote. Kinachotakiwa ni kompyuta iyaombe na kuyatumia.

3. Utekelezaji katika Linux

(a) Katika faili /etc/ppp/options liandikwe neno defaultroute, ili njia ya msingi iwekwe simu inapopokelewa.

(b) Chini yake liandikwe usepeerdns. Programu ya pppd itaomba anwani za seva na kuziandika katika /etc/ppp/resolv.conf.

(c) Hati ya /etc/ppp/ip-up huendeshwa yenyewe baada ya kuunganishwa. Iagizwe kuhifadhi nakala ya /etc/resolv.conf ya ofisi, kisha kuweka ile mpya. Iwapo nakala ipo tayari, isifutwe. Huenda umeme ulikatika kabla ya kurudishwa.

(d) Hati ya /etc/ppp/ip-down iagizwe kuirudisha nakala hiyo simu inapokatwa.

Mahali ambapo faili hizo husimamiwa na programu nyingine, kama NetworkManager, kazi hiyo iachiwe programu husika.

TAHADHARI: Kwa kawaida pppd haiondoi njia ya msingi iliyokuwapo. Iwapo njia ya ofisi imebaki, agizo la (a) halitatekelezwa hadi njia hiyo ifutwe.

4. Uhakiki

Kwanza ijaribiwe anwani ya namba kwa amri ya ping, kisha anwani ya jina. Namba ikijibu na jina lisijibu, kasoro ipo katika seva ya majina. Zote mbili zisipojibu, ichunguzwe njia ya msingi kwanza.

5. Hitimisho

Mawimbi ya simu yanapokatika njiani na kurejea, kompyuta yaweza kupewa anwani nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, anwani zilizoandikwa kwa mkono leo zaweza kuwa kikwazo kesho. Watumishi wanaosafiri wanashauriwa kukamilisha matayarisho haya na kuyajaribu wakiwa bado Karatu, ambako msaada u karibu, kabla ya kupanda mlimani.