Mahali Wanapofundishwa Madaktari

Masika ya mwaka jana dada yangu alishikwa na uchungu usiku hapa Malinyi. Njia ilikuwa tope tupu, tukafika Ifakara kumekucha. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, nami baadaye nilimwuliza alisomea wapi. Akasema, Muhimbili, Dar es Salaam.

Basi nikatafuta habari za chuo hicho. Shule ya udaktari ilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1976 ikaunganishwa na hospitali ya Muhimbili chini ya usimamizi mmoja. Tangu 2007 ni chuo kikuu kamili cha umma. Siku hizi chuo na hospitali vina wakuu mbalimbali, lakini bado ni majirani, na faida yake ni kubwa. Mwalimu huenda na wanafunzi kitanda kwa kitanda. Mmoja humwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini, humpima, kisha hueleza anavyodhani, na mwalimu humsahihisha palepale. Kitabu hakiwezi kufanya hivyo.

Masomo ni miaka 5, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Wenzangu wa kidato cha tatu hunicheka nikiitaja.

Mtoto wa dada sasa anatambaa. Nami nasoma fizikia na kemia, ingawa kemia bado yanisumbua.