Kuandika Majina ya Miji katika Nasaba

Sharia imefungamanisha na nasaba mambo makubwa: mirathi, uwalii wa ndoa, na waqfu uliowekwa juu ya dhuria. Kwa ajili hiyo nyumba nyingi za pwani zina karatasi ya nasaba, nayo husomeka vyema mpaka lifikapo jina la mji. Mzee aliandika Mvita. Mwanawe akaandika Mombasa. Mjukuu aliyesoma Kiarabu akaandika Manbasa. Akija kitukuu asiyejua khabari huhesabu miji mitatu, na kwa miji mitatu huhesabu watu watatu, ilhali mtu ni mmoja.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, nacho ni jina moja kwa miji miwili. Aliyeandika "alikufa Kilwa" hakusema kitu. Kilwa Kisiwani ndiyo aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331. Kilwa Kivinje iko bara, nayo ilistawi katika karne ya 19. Na Kilwa Masoko ni nyingine. Chwaka iko Unguja na iko Pemba. Watu wawili wa jina moja, na baba zao wa jina moja, huyu wa Chwaka hii na yule wa Chwaka ile, wakifanywa mmoja kwa kalamu, binti ataozwa na asiyekuwa walii wake.

Wanavyuoni wa kale waliliona jambo hili. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 626 H. (1229), alitunga Mu'jam al-Buldan baada ya kubishana na mtu katika mji wa Marw juu ya matamshi ya Hubasha, soko la Waarabu wa zamani. Kisha akatunga kitabu kingine khasa kwa miji ishirikianayo majina. Katika Mu'jam, Unguja imeandikwa Lanjuya. Atafutaye "Zinjibar" peke yake hataiona.

Lililo sawa ni kunakili jina kama lilivyo katika waraka, herufi kwa herufi, na ubavuni kutia jina moja lililochaguliwa, wala lisigeuzwe mpaka mwisho wa daftari. Herufi za Kiarabu hazina "p", basi Pate na Pemba huandikwa mara nyingi kwa ba. Asiyelikumbuka hilo husoma miji isiyokuwako. Kisha hufuatishwa mtaa, mji, kisiwa au wilaya, na dola ya wakati ule. Aliyezaliwa Tanga mwaka 1900 alizaliwa chini ya Wajerumani. Wa mwaka 1930 ni wa Tanganyika. Tanzania haikuwako kabla ya 1964. Mombasa na Lamu zilikuwa katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Unguja hata 1963, ulipotiwa katika Kenya. Hili si pambo, kwani dola ndiyo huonyesha daftari za serikali zikatafutwe wapi.

Tena, si kila jina la mji ni mji. Katika Tisa Taifa za Mombasa wamo Wakilifi, Wamtwapa, Wapate na Wajomvu. Mkilifi huyo huenda yeye na babu zake wengi wamezaliwa Mombasa; Kilifi hapo ni taifa, haiwekwi penye mahali pa kuzaliwa. Vivyo hivyo al-Hadhramiy kwa aliyezaliwa Lamu.

Na penye shaka huandikwa, "Kilwa, haikubainika ni ipi," na nafasi ikaachwa wazi kwa atakayepata waraka.